Kushoto mwa Jiwe

Daftari lilikuwa la kurasa themanini,
jalada la samawati, pembe zimeliwa na mende.
Mwalimu Katunzi alitugawia siku ya kwanza ya kliniki ya sheria,
akasema: Msiniandikie sheria imesema nini,
hiyo hujisemea yenyewe, tena kwa sauti.
Niandikieni mlikuwa mmesimama wapi.

Tukacheka chinichini.
Mwanasheria husimama mahakamani. Wapi kwingine?

Nkwimba alikuja Jumanne, khanga inanukia dagaa,
kutoka Igogo, kule nyumba zinakoshikilia mlima kwa kucha.
Shemeji yake alikuwa amesogeza uzio
usiku mmoja tu baada ya arobaini.
"Changu kiko kushoto mwa jiwe," akasema,
akanyoosha mkono juu ya meza yangu
kama aliyesimama mlangoni pake, ziwa likiwa mbele.
Nikaandika: kushoto mwa jiwe.
Nikamuuliza kama ameelewa hatua zinazofuata.
Akaitikia kwa kichwa.
Nikaandika: mteja ameelewa.
Kalamu yangu siku ile ilikuwa na mbio kama bodaboda ya Buzuruga.

Baraza la Ardhi lilipopanda mlima kuona eneo,
mwenyekiti akihema, leso shingoni,
mimi nilitokea barabarani, ziwa nimelipa mgongo,
nikaliona lile jiwe kwa mara ya kwanza:
kubwa kama basi la Musoma, limekaa tu.
Nikanyoosha mkono kushoto.

Kushoto kwangu kulikuwa na choo cha shemeji.

Nkwimba hakusema kitu. Aliutazama mkono wangu,
akautazama wake,
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu
na foleni nyuma yake ni ndefu.

Uamuzi ulikuwa mfupi:
ushahidi wa mdai unapingana na madai yake.
Hatua kumi na nne za ardhi
na chanja ya kuanikia dagaa
zikaenda kwa neno moja nililoliandika
nikiwa nimeketi.

Usiku nikajaza ukurasa.
Mteja hakueleza vizuri. Mteja hana elimu.
Upande wa pili una wakili mzoefu.
Daftari likarudi na wino wa kijani,
maneno mawili pambizoni:
Uliuliza nini?

Nilichukia kijani mwaka mzima.

Halafu asubuhi moja, Kamanga, feri imekwisha kuniacha,
maji yametulia kama uji uliopoa,
nikainama.
Yule wa majini alikuwa amevaa saa mkono wa kulia.
Mimi navaa wa kushoto.
Nikapunga; akapunga kwa ule mwingine,
wala hakudhani amekosea.
Nikaandika hapo hapo, juu ya goti, mwandiko umepinda:
Nilikuwa nimesimama mbele yake.
Sikuwahi kusimama pake.

Miaka kumi na mmoja imepita.
Nina chumba ghorofani mtaa wa Rwagasore,
feni inayolalamika kuliko wateja,
na kijana wa mazoezi, Lusato,
shati lake limepigwa pasi mpaka linakwaruza.
Jana ameniletea maelezo ya mama mmoja wa Mabatini,
kurasa tatu, safi, hazina hata doa la chai.
Mwishoni: mteja ameelewa.

Nilitafuta kalamu ya kijani. Nikaiacha.
"Kesho vaa viatu vya kupandia mawe," nikamwambia.
"Tunaanzia mlangoni kwake."
"Tukamuulize nini, wakili?"
"Sijui bado," nikasema,
naye akanitazama kama niliyekiri kosa.

Nkwimba humwona Mwaloni, siku za Jumamosi.
Hunipimia dagaa, kopo likijaa
huongeza kiganja juu, wanamwagika.
Huenda ni msamaha.
Huenda ndivyo anavyowapimia wote.
Sijamuuliza.
Hilo nalo limo daftarini, ukurasa wa themanini,
na pambizo lake bado ni jeupe.